Walilipana kwa Barua

Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg aliyekuwa akiuza vifaa vya redio mjini New York, alianzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926 ili auze hadithi za roketi, maroboti na wakazi wa sayari nyingine. Lakini lililozaa makubwa lilikuwa jambo dogo la kihariri. Katika kurasa za barua za wasomaji, alichapa anwani kamili chini ya jina la kila mwenye barua: namba ya nyumba, mtaa na mji. Kijana aliyedhani yuko peke yake mjini kwa wazimu wa kusoma mambo ya Mirihi akafungua ukurasa na kukuta kuna mwenzake mtaa wa pili. Akamwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mhariri. Mwenzake akajibu, tena kwa kirefu. Kufikia Mei 1930 klabu moja ya waandikianaji hao ilikuwa imeshatoa gazeti lake, The Comet, ambalo wengi hulihesabu kuwa jarida la kwanza la mashabiki.

Mwaka 1937 kijana wa New York, Donald Wollheim, aliuweka mchezo huo katika utaratibu. Alianzisha chama kilichoitwa Fantasy Amateur Press Association. Kila mwanachama aliandika alichotaka, akadurufu nakala za kuwatosha wote, akazituma kwa mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuzikusanya. Huyo alizipanga mafungu, na kila mwanachama akapokea fungu lenye maandishi ya wenzake wote. Katika toleo lililofuata, sehemu kubwa ya kurasa ilikuwa majibu kwa toleo lililotangulia. Aliyeandika bila kumjibu mtu alionekana hajui adabu za barazani.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kuzielewa hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo msomaji huchukua wahusika au ulimwengu wa mwandishi mwingine na kuuendeleza kwa mkono wake mwenyewe. Wanaozidharau husema ni uvivu wa kubuni. Historia yake inasema vingine: barua zilitangulia, hadithi zikafuata. Mtu alibishana na riwaya, kisha akabishana na wasomaji wenzake, na palipokuwa hakuna wa kukubali kushindwa kwa hoja, akaleta kisa.

Ubishi wa namna hiyo ulikuwepo kabla ya Gernsback. Samuel Richardson, mchapaji wa London, alikuwa akitoa riwaya yake Clarissa juzuu baada ya juzuu kati ya mwaka 1747 na 1748 alipoanza kupokea barua za mwanamke aliyejiita Belfour. Mwanamke huyo alikuwa amesikia kwamba Clarissa atakufa, na alikuwa akisihi, akitisha na kulia ili binti huyo aokolewe. Richardson alikataa, lakini hakuacha kujibu. Barua zilizidi kuwa nyingi hadi wote wawili wakatamani kuonana, ila bibi yule, ambaye jina lake halisi lilikuwa Lady Bradshaigh, hakuwa tayari kujitambulisha. Basi Richardson akamwandikia maelezo ya sura yake ili amtambue akipita bustanini: mtu mfupi, mnene kiasi, wigi la rangi nyepesi kichwani, mkono mmoja kifuani na mwingine umeshika fimbo. Mwandishi maarufu kuliko wengi mjini akawa anazunguka bustanini siku baada ya siku ili atazamwe na msomaji asiyemjua. Mapema mwaka 1750 bibi alimwona kwa mbali, akapita zake. Walikuja kufahamiana baadaye mwaka huohuo.

Dada wa Lady Bradshaigh, Lady Echlin, hakuishia kwenye kusihi. Aliketi akaandika mwisho wake mwenyewe wa Clarissa, ambamo mabaya makubwa hayatokei, na Richardson akausoma. Kazi hiyo haikuchapishwa hadi mwaka 1982, zaidi ya karne mbili baadaye.

Kwa upande wa ulimwengu wenye hadithi nyingi zilizofungamana, mfano usiopitwa ni wa watoto wa kasisi wa Haworth, Yorkshire. Juni 1826 Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell kasha la askari wa mbao kutoka Leeds. Charlotte, aliyekuwa na miaka 10, alinyakua mmoja akamwita Duke of Wellington, mtu halisi aliyekuwa hai na kusomwa magazetini kila wiki. Branwell naye akamchukua wa kwake na kumwita Bonaparte. Kutokana na mchezo huo walijenga Glass Town, na baadaye Angria, huku wadogo zao Emily na Anne wakijitenga na kuanzisha Gondal. Waliandika vitabu vyenye kurasa ndogo kuliko kiganja cha mtoto, kwa herufi zinazohitaji kioo cha kukuzia, vikiwa na ukubwa wa kushikwa na askari wenyewe. Kimojawapo kilinunuliwa mnadani Paris mwaka 2019 kwa euro 600,000 kabla ya ada, kikarudishwa Haworth.

Glass Town ilikuwa na wachapishaji, washairi na wahakiki wake wa kubuni, ambao walisengenyana magazetini, na nyuma ya kila mhakiki alikuwepo dada au kaka mwenye kisasi. Branwell alipenda vita na vifo. Charlotte alipenda mapenzi, na alichukia kupoteza wahusika. Mwaka 1836, akiwa mbali akifundisha katika shule ya Roe Head, habari zilimfikia kwamba Branwell huenda amemuua Mary, mke wa Zamorna, mhusika waliyemjenga pamoja. Karatasi za Charlotte za siku hizo zinaonyesha jinsi wazo hilo lilivyomkosesha raha: je, amemzika tayari, na amemzika wapi? Baadaye akaandika sehemu yake, na ikabainika kwamba Mary hakufa. Ukiondoa gauni na kalamu ya unyoya, huo ni ugomvi ambao shabiki yeyote wa leo anaujua.

Pana jambo moja ambalo wasifu wa akina Brontë hulipita haraka. Glass Town iliwekwa kwenye pwani ya Afrika Magharibi, juu ya ardhi ya Waashanti, na adui mkuu ni Quashia, mtoto wa mfalme wa Kiashanti aliyelelewa na Wellington kisha akamwasi. Watoto wa Yorkshire walichora koloni zima kwa kusoma magazeti ya baba yao. Kwa kanuni za mchezo wenyewe, msomaji wa Accra au Kumasi ana haki kamili ya kuandika upande wa Quashia.

Sherlock Holmes hana haja ya maelezo marefu. Arthur Conan Doyle alimuua Desemba 1893 katika The Strand Magazine, na inasemekana wasomaji zaidi ya 20,000 walisitisha kununua jarida hilo. Walipokuwa wakimsubiri, waliandika visa vyao, vingine vya utani, vingine vya dhati. Doyle hakuwa mchoyo: mwigizaji William Gillette alipouliza kama anaweza kumwoza Holmes jukwaani, alijibiwa kwamba amfanye apendavyo. Uzao wa Holmes ulifika hata Unguja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa wake, mwenye kiko mdomoni na rafikiye Najum ubavuni, ametajwa na wahakiki wengi kuwa ndugu wa Holmes. Ndugu, si kivuli. Bwana Msa ana mji wake, lugha yake na kesi zake, na vitabu vilivyofuata, kuanzia Kisima cha Giningi hadi Mwana wa Yungi Hulewa, vilijenga mfululizo unaojitegemea.

Kipindi cha televisheni cha Star Trek kilianza Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mwaka uliofuata wanawake wawili wa New York, Devra Langsam na Sherna Comerford, walitoa Spockanalia, jarida la kwanza la mashabiki lililohusu kipindi hicho peke yake. Msingi wake ulikuwa uleule wa Gernsback na Wollheim, ila sasa walioshika usukani walikuwa wanawake: wakutubi, walimu, makarani, akina mama wa nyumbani. Walichapa kwa taipureta kwenye stensili, wakazungusha mashine ya kudurufu kwa mkono, na wino ukawafika viwikoni. Yeyote aliyefanya mtihani wa shule ya msingi ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 anaikumbuka harufu ya karatasi hizo. Kurasa zilipangwa mezani kwa mafungu, marafiki wakaizunguka meza wakiokota moja moja, na mwisho zikabanwa kwa pini.

Fedha hazikuwemo. Wahusika walikuwa mali ya studio, hivyo kujinufaisha kungeleta mawakili mlangoni, na adabu ya mashabiki wenyewe iliweka bei palepale penye gharama ya karatasi na stempu. Mwandishi wa hadithi alipewa nakala moja ya bure. Malipo yake halisi yalikuwa barua. Msomaji aliyemaliza jarida alitarajiwa kuketi na kuandika maoni yake, hadithi kwa hadithi: hii imenigusa, hii Kapteni Kirk asingeyasema haya hata kwa mtutu wa bunduki, hii sikuielewa. Mhariri alichapa barua hizo katika toleo lililofuata, na baadhi ya majarida, kama Interstat lililoanza mwaka 1977, yalikuwa ya barua tupu. Waandishi waliosomwa bila kuandikiwa walinung'unika, tena waziwazi.

Katika mazingira hayo ndipo ulipozaliwa Kraith. Jacqueline Lichtenberg alichapisha kisa cha kwanza cha mfululizo huo mwaka 1970 katika jarida la T-Negative lililohaririwa na Ruth Berman. Sarek, baba wa Spock, yule ofisa wa Kivulcan katika kipindi hicho, ametoweka, na Spock analazimika kushika nafasi katika ibada kubwa ya watu wake, ibada inayotumia kikombe maalumu kiitwacho kraith. Katika kipindi cha televisheni Wavulcan walikuwa watu baridi wenye masikio yaliyochongoka na falsafa ya mantiki, na mambo yakaishia hapo. Lichtenberg aliwapa koo, miiko, urithi, siasa na aibu za kifamilia. Wasomaji wakaanza kuuliza maswali: ikiwa ibada iko hivi, ndoa je? Mtoto wa mama wa kibinadamu anahesabiwa ukoo gani? Muulizaji aliyeuliza vizuri aliambiwa: andika wewe.

Na wakaandika. Watu wapatao 50 walichangia hadithi, michoro na mashairi katika ulimwengu wa Kraith, na vipande vilivyotawanyika vikakusanywa katika juzuu zilizoitwa Kraith Collected. Lichtenberg hakuwa mwandishi tu tena. Akawa mzee wa baraza: anasoma rasimu, anajibu kwa barua ndefu, anasema kipi kinaweza kutokea na kipi kinavunja kilichokwisha kutokea. Wapinzani nao hawakukosekana. Walisema Kraith inawatukuza Wavulcan na kuwadunisha binadamu, na kwamba ubora wa damu ni hoja yenye harufu mbaya hata ikivalishwa masikio marefu. Upinzani huo nao ulichukua sura ya barua kwanza, kisha ya hadithi. Na huo ndio ustadi wa Kraith, kuliko hata uandishi wake: ulikuwa mfululizo ulioweza kupingwa kutoka ndani.

Lichtenberg alijua thamani ya barua kuliko wengi. Mwaka 1972 alianzisha Star Trek Welcommittee, kundi la wahudumu wa kujitolea ambao kazi yao ilikuwa kujibu barua za mashabiki wapya. Mwaka 1975, pamoja na Sondra Marshak na Joan Winston, alichapisha kitabu Star Trek Lives! ambacho kiliwafunulia wasomaji wa kawaida kwamba kuna hadithi zinazosambazwa kwa posta kote nchini. Posta ikafurika.

Ukali wa wasomaji ulikuwa na ucheshi pia. Mwaka 1973 Paula Smith, mhariri wa jarida Menagerie, alichoka kupokea hadithi zenye msichana mmoja yuleyule: kijana kupindukia, mrembo, fundi wa kila kitu, anapendwa na maofisa wote na kufa kishujaa. Badala ya kuandika ilani, aliandika kisa kifupi kuliko ukurasa kuhusu luteni mmoja asiye na kasoro, jina lake Mary Sue. Kisa hicho kimeishi kuliko hadithi zilizodhihakiwa, na jina Mary Sue sasa hutupwa kwa mhusika yeyote wa kike anayefaulu kupita kiasi, mara nyingine kwa haki na mara nyingi kwa chuki tu.

Haya yote yalitokea mbali na studio. Swali gumu lilikuwa jingine: itakuwaje ikiwa mwenye ulimwengu ni mtu mmoja, yuko hai, na anapenda kuzungumza na wasomaji wake?

Jibu lilitolewa na Marion Zimmer Bradley. Alikuwa mtoto wa safu za barua: tangu ujana wake katika miaka ya 1940 aliandikia majarida, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliandika mwenyewe kisa cha kishabiki kuhusu Arwen wa Tolkien. Riwaya zake za Darkover, zilizoanza kutoka mwaka 1958, zilihusu sayari ya baridi yenye jua jekundu na miezi minne, ambako wazao wa chombo kilichopotea wamekuwa makabaila wenye nguvu za akili zinazofanana na uchawi. Mfululizo haukuwa na mpangilio mkali. Bradley alirudia na kuandika upya vitabu vya zamani, na alisema wazi kwamba kupatanisha kila tarehe si kazi yake. Mianya hiyo ndiyo iliyowavuta wasomaji ndani.

Mfano mzuri ni Darkover Landfall ya mwaka 1972. Ndani yake mwanamke analazimishwa kubeba mimba kwa ajili ya uhai wa koloni, na waandishi wenye msimamo wa kutetea wanawake, Joanna Russ akiwa mmoja wao, waliishambulia vikali. Bradley alijitetea kwa makala. Kisha mwaka 1976 ikatoka The Shattered Chain, yenye chama cha wanawake walioapa kutomilikiwa na mwanamume, wanaojiita kwa majina ya mama zao: fulani n'ha fulani, yaani binti wa fulani. Wasomaji wakakichukua chama hicho kama chao. Walijiundia nyumba zao za chama, wakabadili majina, wakaanza kutia saini barua zao kwa n'ha.

Kundi la Friends of Darkover lilikuwa na jarida lake la habari lililojaa maswali kwa Bradley na majibu yake. Hadithi za wasomaji zilimiminika, naye akafanya jambo ambalo mwandishi wa hadhi yake hakuwahi kulifanya kwa kiwango hicho: alizichagua, akazihariri, akawalipa waandishi wake na kuzitoa rasmi. Mkusanyiko wa kwanza, The Keeper's Price, ulichapishwa mwaka 1980 na kampuni ya DAW, na mingine kadhaa ikafuata. Mwenye DAW alikuwa Donald Wollheim yuleyule wa mafungu ya mwaka 1937. Wengi walipita mlango huo: Mercedes Lackey, ambaye baadaye angekuwa na mfululizo wake mkubwa wa fantasia, alikuwa na kisa katika mkusanyiko wa mwaka 1985.

Mlango ulifungwa mwaka 1992. Shabiki mmoja alikuwa amechapisha katika jarida kisa kirefu kuhusu mhusika ambaye Bradley naye alikuwa akimwandikia riwaya, na mambo mawili matatu yalifanana. Bradley alitaka kununua haki kwa malipo madogo pamoja na shukrani kitabuni, lakini hawakuelewana. Kila upande ulikuja kulisimulia tofauti jambo hilo, hata juu ya iwapo mahakama ilitajwa. Riwaya haikutoka kamwe, na Bradley akapiga marufuku hadithi za mashabiki wa Darkover. Tangu hapo kisa hicho husimuliwa kwa waandishi chipukizi kama onyo la kisheria: usisome kazi za mashabiki wako. Onyo hilo limetiwa chumvi. Kilichoharibika Darkover kilianza kabla ya hakimiliki. Kwa miaka mingi mwandishi na wasomaji walikuwa wamechanganya sahani bila kukubaliana nani anaosha vyombo.

Bradley alifariki mwaka 1999. Mwaka 2014 binti yake alimtuhumu hadharani kwa kumdhulumu utotoni, na kampuni ya Gollancz ya Uingereza ikatangaza kwamba mapato ya vitabu vyake vya kielektroniki yatakwenda kwa shirika la kuwalinda watoto. Wanawake waliokuwa wametia saini kwa n'ha walilazimika kuamua upya wafanye nini na majina hayo.

Kuhamia kwenye kompyuta kulibadili kasi, si desturi. FanFiction.net ilifunguliwa mwaka 1998, na barua iliyochukua wiki tatu ikachukua dakika tatu. Mwaka 2000 mwandishi Anne Rice aliwakataza mashabiki wa vampaya wake, na hadithi zikaondolewa. Mei 2007 kampuni ya LiveJournal ilifuta kurasa zipatazo 500 kwa mpigo, nyingi zikiwa za mashabiki, na watu walioona kazi za miaka zikitoweka usiku mmoja wakazidi kutaka kumiliki mitambo yao wenyewe. Walianzisha shirika lisilo la faida, na Novemba 2009 wakafungua Archive of Our Own. Humo mwandishi anaweza kuunganisha hadithi kadhaa kuwa mfululizo mmoja, na chini ya kila sura kuna nafasi ya msomaji kutoa maoni na ya mwandishi kumjibu.

Agosti 2019 hifadhi hiyo ilitunukiwa mjini Dublin tuzo ya Hugo, yenye jina la Gernsback yuleyule. Naomi Novik, mwandishi wa riwaya na mmoja wa waanzilishi, aliomba taa za ukumbini ziwashwe na kila aliyewahi kuchangia kwa kuandika, kusoma au kutoa maoni asimame. Walisimama wengi. Katika wiki zilizofuata mashabiki walianza kujiita washindi wa Hugo, wengine wakaanza kutengeneza beji za kuuza, hadi kamati inayolinda jina la tuzo ikatoa tangazo: aliyeshinda ni hifadhi, si kila mwenye hadithi ndani yake. Mashabiki wakajibu kwa barua za hoja, kejeli na, kama ilivyotarajiwa, hadithi fupi ambazo mhusika mkuu alikuwa kamati yenyewe.